Gari la Mteremko

Baba hakuegesha gari popote pasipo na mteremko.
Nyumba ya Wadi Adai aliikataa, na sebule zake mbili,
kwa kuwa mlango wake ulitazama tambarare.
Tukapanga Hamriya, vyumba vitatu vya joto mgongoni mwa kilima,
Morisi ikalala nje, pua chini,
jiwe mbele ya gurudumu.

Stata yake ilikuwa ya kuvuta, kifundo cheusi kando ya usukani.
Unavuta: gwe. Unangoja. Gwe… gwe.
Halafu klak, na kimya cha mtu aliyeulizwa deni.
Hapo Baba husema, "Haya, wanangu."
Tumeisukuma na sare za skuli, tumeisukuma na nguo za Idi,
Jaifar akaacha kiatu kipya kwenye lami ya Ruwi.
Mama aliisukuma na mimba ya miezi minane.
Kwa hesabu hiyo, mimi nilianza kusukuma kabla sijazaliwa.

Mwaka huu mguu wake wa kushoto umelala, hauamki.
Gari ni langu, na sina wa kumsukumisha:
Jaifar yuko Salala, wanangu wana magari ya kubonyeza kidole.
Nikaagiza stata mpya.
Ikaja kwenye boksi dogo, nikadhani nimepunjwa.
Biju wa gereji ya Wadi Kabir akaipima kiganjani kama papai.
Nyepesi, akasema, lakini ina gia tumboni:
mota inakimbia, gia zinageuza mbio kuwa nguvu.
Itafaa, akasema. Lakini.

Lakini gari hili, mama, umeme wake umekaa kinyume.
Chanya imefungwa bodini, hasi ndiyo inayosafiri.
Stata hii ukiilisha hivyo itazunguka nyuma.
Tugeuze betri, tugeuze waya za koili,
dainamo tuiguse kwa waya, cheche moja, ipate kusahau.
Nikamwambia, geuza.
Sisi tunajua kugeuzwa: Baba alijifunza kushika kushoto Unguja,
akaja huku akashika kulia,
usukani ukabaki pale pale.

Saa nne asubuhi, digrii arobaini na nne.
Bolti ya juu haionekani, inatafutwa kwa vidole
kama upele wa mgongoni.
Stata kuukuu ikatoka na uzito wa mtoto wa mwaka,
Biju akaifungua: vumbi jeusi,
brashi zimelika zimebaki kama kucha.
Miaka yote hii, kucha.

Kifundo nilikataa kiondolewe.
Akaficha swichi nyuma yake, nivute kama zamani.
Nikavuta.
Zii, basi. Injini inanguruma na mkono wangu bado haujarudi.
Mimi, kwa mazoea, nikavuta tena,
chuma kikalia juu ya chuma, Biju akarusha spana:
"Khalas, mama! Khalas! Imewaka!"

Jioni nikampakia Baba, mkongojo katikati ya magoti.
"Washa," akasema.
Nikawasha.
Akangoja. Akatazama dirishani, kama anayewahesabu wasukumaji.
"Mbona huwashi?"
"Imewaka, Baba."
Akaweka kiganja kwenye dashibodi, akakiacha hapo muda.
"Hm," akasema. Mpaka Khuwair hakusema jingine.

Uwanja wa kliniki ni tambarare kama sinia.
Nikaegesha katikati, kwa makusudi, kwa kiburi kidogo.
Baba akatazama ardhi ya mbele, akatazama ya nyuma.
"Weka jiwe."
"Hapa hakuna mteremko, Baba."
"Weka jiwe, Ghaniya."

Mji mzima huu ni majabali,
na pale palikuwa na lami safi, mistari myeupe, hapana hata changarawe.
Nikafungua mlango wa nyuma.
Stata ya zamani ilikuwa kwenye gazeti, sakafuni, bado inanuka grisi.
Nikaibeba kwa mikono miwili
nikaikita mbele ya gurudumu.