Konzi la Mchele

Jumamosi. Ukungu umeketi barazani kama mgeni asiyeaga,
nami hubiri la kesho nimeliandika mara tatu, nikalifuta mara tatu.
Neno "neema" limekuwa laini mdomoni
kama sarafu iliyopita mikono mingi, hata sura ya mfalme haisomeki.

Huko chini, mgongoni mwa kilima, nyumba zimesimama juu ya nguzo zao,
zimeligeuzia bonde kisogo.
Kina mama wanapita mlango kwa mlango na gunia.
Hapa kwetu Mizoramu, kila apikaye, kabla hajatia mchele chunguni,
huchota konzi moja, huliweka kando.
La Bwana, tunasema.
Kwa kweli sehemu yake naila mimi.

Nyumba ya Pi Rozami ni ya mwisho, ukishapita tangi la maji.
Miaka mitatu hajakanyaga kanisani,
tangu kilima kilipomomoka usiku mmoja wa mvua za Juni
kikamzika Zauva mwanawe, na pikipiki, na mzigo wa tangawizi.
Vijana walichimba siku mbili kumtoa,
wakachimba nusu siku kumrudisha.
Nilisoma nilichosoma. Nilisema Mungu ana makusudi.
Aliniangalia kama mtu anayengoja mwenye duka amrudishie chenji.
Sikuwa nayo.

Na bado, kila juma, kopo lake la maziwa hutoka limejaa mchele.

Basi jana nikashuka kwake, goti likilia kama bawaba.
Alinipa chai ya rangi na kipande cha sukari guru.
Tukanyamaza. Nguruwe wake alikoroma chini ya sakafu,
mwenye imani kamili kwamba jioni atalishwa.

Nikauliza, nikijifanya nauliza jambo dogo:
"Huji kwetu, Pi Rozami. Husali. Huu mchele unamtengea nani?"

Akazungusha kikombe.
"Simtengei mtu, Mchungaji. Mkono umezoea.
Nilijaribu kuuzuia, majuma mawili.
Nikawa kila nikila naona kama nakula cha mwenzangu."

Nilisoma Kigiriki miaka minne, nikakisahau kwa miwili.
Nimebatiza, nimefungisha ndoa zilizodumu na zilizovunjika,
nimegombana na fundi wa bati juu ya paa
linalovuja palepale, kila mvua, juu ya mimbari.
Sijawahi kujua imani hukaa wapi mwilini.
Nilidhani kifuani.
Siku mbaya nilidhani ulimini, maana ndio unaonilipa mshahara.
Sasa naambiwa na mwanamke asiyesali
kwamba huenda iko hapa, kitangani,
inaendelea na kazi yake ilhali mwenyewe amesusa.

Konzi la mchele. Lilinigonga utosini.

Jioni Zodinpuii, mke wangu, anasoma rasimu ya nne.
"Umemtaja," anasema. "Mtoe."
Najitetea kidogo: jina nimelibadilisha, kijiji nimekisogeza.
"Kopo la maziwa hukulibadilisha."
Namtoa. Hubiri linabaki na shimo pale alipokuwa.
Kesho ngoma ya kanisa italiruka shimo hilo,
au itajikwaa, na wazee wa safu ya mbele watadhani nimezeeka.

Anapepeta mchele wa juma hili. Umechanganyika, hakuna ajuaye upi wa nani:
mwekundu, mweupe, wa duka la serikali,
wa shamba la mteremkoni lenye harufu ya moshi.
Taa inafifia, inarudi.
Tunaombea chakula. Kabla ya amina nimekwisha kutia tonge mdomoni,
tabia ya utotoni, mama alinichapa haikutoka.

Jiwe.
Dogo, gumu, la kilima kilekile.
Nimelishika kati ya meno, macho bado nimeyafumba,
sijui niliteme wapi.