Fuawe

Lifti imekufa tangu Jumatatu. Alhamisi hii
wamepanda ghorofa tano kwa miguu hadi kwa Wiesława,
juu ya kiwanda cha zamani cha nguo, mjini Łódź,
theluji ikiyeyuka mabegani, viatu vikilia chwa, chwa.
Mezani pana chai, matango ya siki, dadu za nyuso ishirini.

"Leo hakuna mashujaa," akasema. "Nimewachoka.
Leo ninyi ni vitu. Vitu vyenye akili na ulimi,
ila mguu hamna, mkono hamna.
Atakayewabeba nitamcheza mimi."

Kajetan, fundi wa tramu, alidaka upanga kabla neno halijaisha.
Bogumił aliwaza mpaka chai yake ikapoa, akaomba kuwa taa,
"lakini iwe taa inayoogopa giza."
Wakacheka. Wiesława akaandika.
Jagna kimya.

Wakampa pete. Wakampa kitabu, fimbo, kofia inayotabiri mvua.
Kila kilicho chepesi walimpa.
"Fuawe," akasema.
Nini?
"Kile chuma cha mhunzi. Kinachopigwa."
"Jagna, nani atakubeba?"
"Hiyo," akasema, akibandua ngozi kidoleni,
"si kazi yangu leo."

Jagna huamka saa kumi alfajiri.
Nyumba sita kwa siku. Humgeuza bibi huyu ubavuni,
humtoa babu yule bafuni, mkono kwapani,
moja, mbili, haya.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Asemaye hajamwinua Bwana Zdzisław akiwa amelowa.

Basi, mchezo.
Msichana mchunga bata bukini akapita kinamasini,
akaokota upanga, akaokota taa,
akaikuta fuawe i matopeni, akaivuta
hadi mshipa ukamtoka shingoni, akaiacha.

Kila zamu Wiesława aliuliza: "Fuawe inafanya nini?"
"Inakaa."

Upanga ukakata vichwa viwili vya joka.
"Fuawe?"
"Inanyeshewa. Inapenda."

Alhamisi ya pili taa ikalia pangoni
hadi machozi yakashika moto, pango zima likaonekana.
"Na fuawe?"
"Inasikiliza vyura. Mmoja ana kikohozi."

Nami niliyeketi pembeni nikiandika yote haya,
katika lugha yangu kitu ni *i*, mtu ni *yu*.
Mpaka wa kuvuka ni mwembamba, hata mlinzi hauna.
Wao walisema Kipolandi, hawakuona lolote.
Mimi niliandika: *fuawe yu matopeni*.
Nikafuta. Nikaitazama karatasi.
Nikairudisha.

Alhamisi ya nne upanga ulivunjika.
Kajetan alikaa na dadu kiganjani kama mtu aliyepewa chenji pungufu.
"Turudi," akasema. "Turudi kwa Fuawe."

Wakarudi: msichana, bata bukini kumi na mmoja,
wanakijiji wanane na ngazi ya mbao waliyoilaza iwe machela.
Lakini Jagna alikuwa amelala.
Shavu juu ya ramani, juu ya milima yote ya kaskazini,
mdomo wazi, mate kidogo yakianza kuwa ziwa.

Kajetan akanyoosha mkono amwamshe.
Wiesława akaushika.
"Fuawe anafanya nini?" akanong'ona.
Bogumił akatazama.
"Amepumzika," akasema.

Akatandika skafu yake mezani, dadu isije ikapiga kelele,
akamtupia.

Saba.

Saba haiinui chuma. Kanuni ni kanuni,
na Wiesława ndiye aliyeziandika, kwa wino.
Aliitazama ile saba muda mrefu.
Nje tramu ya mwisho ilikwaruza kona.
"Kijiji kina watu zaidi ya wanane," akasema hatimaye.
"Waiteni. Na bata nao wavute."

Kajetan akashika upande wake wa hewa.
Bogumił akashika wake, magoti yamekunjwa,
mgongo umenyooka kama alivyowahi kufundishwa na Jagna.

"Polepole," akanong'ona. "Asiamke.
Moja. Mbili.
Haya."