Siku Gani ya Juma

Muuzaji alianza na viti.
Viti vya ngozi, kisha skrini tatu, kisha birika la kahawa
lililofungwa ukutani lisimwagike bahari ikichachamaa.
Shangazi Zélie hakuketi.
Alivua glovu, akauliza:
"Kifuniko cha ngama kiko wapi?"

Oktoba, Nova Scotia, mvua ya baridi juu ya mabati.
Boti imekaa juu ya magogo bandani,
futi arobaini na tano za weupe,
inang'aa hata nikauona uso wangu ubavuni mwake,
na uso wangu ulikwisha kukubali.
Nikiri: mimi nilinunua tangu mlangoni.
Benki imeitika, Odette amechagua jina,
mitego ya kamba-koche imepangwa uani.
Chema chajiuza, husema watu.
Hiki kilijiuza vizuri mno,
ndiyo maana nilimleta yeye.

Miaka thelathini na mmoja shangazi alilaza nyuzi za kioo,
tabaka juu ya tabaka, kwa brashi na rola,
resini ikimla kucha na pafu la kushoto.
Siku hizi anapumua kwa mluzi mdogo.
Kwa mluzi huo alishuka chini ya sitaha,
tochi mdomoni, sarafu mkononi,
na kwa muda mrefu sikuona ila soli za viatu vyake.

Ngo. Ngo. Ngo.
Ngo ni uzima: tabaka zimeshikana.
Ngo. Ngo.
Kisha, kwenye pembe ya taruma la tatu,
bwu.
Akarudi nyuma. Bwu.
Akaweka alama ya chaki, akaendelea.

"Waya zimepakwa bati, vizuri," sauti ikatoka shimoni.
"Mpira wa maji ya bahari una klipu moja. Nataka mbili.
Hapa wametoboa tundu, ukingo wakauacha uchi;
mbao iliyo ndani itakunywa mpaka ioze.
Na kikwamizo cha omo: boliti nne, nyuma yake hakuna bamba.
Siku ya dhoruba kitabaki gatini,
kimefungwa kamba vizuri kabisa,
na wewe na boti mmekwenda zenu."
Muuzaji akacheka. Yeye hakucheka.

Usione vyaelea, vimeundwa.
Naam. Ila methali haisemi vimeundwa na nani,
siku gani ya juma,
kama fundi alikuwa na homa,
kama msimamizi alisimama juu yake na saa.

Akatoka, vumbi la kioo mikononi,
na sasa ndipo akaketi kwenye kile kiti cha ngozi.
"Ile pembe iliwekwa Ijumaa."
Umejuaje?
"Resini imeganda kabla nyuzi hazijalowa.
Ni saa tisa na nusu, mtu anataka kwenda nyumbani.
Mimi niliweka moja kama hiyo, mwaka wa themanini na nane.
Binti yangu alikuwa apige fidla jioni ile.
Nikaifunika kwa rangi. Haikuonekana.
Boti ya Anselme Doucet.
Hadi leo inaelea."
Mluzi ukapanda, ukashuka.
"Kila Jumapili kanisani natafuta kisogo chake kwanza,
kabla ya msalaba."

Nyuma ya banda palikuwa na nyingine, haijapakwa rangi,
ya kijani-kijani kama chupa, mbavu nje.
Niliweka sahihi kwa hiyo.
Odette hajanisamehe msimu tulioukosa.

Lakini siku ile shangazi hakuuliza bei.
Alimwendea kijana aliyekuwa ndani yake, barakoa shingoni,
akamuuliza jina. Rosaire.
Ijumaa unatoka saa ngapi, Rosaire?
Saa kumi.
"Basi ikifika saa tisa na pembe haijaisha,
usiikimbize. Iache wazi.
Iache wazi, watu waione."