Robo Mzunguko

Ladislaus, unataka moja nukta tano.
Nimekusikia. Hata mkaanga chipsi wa jirani amekusikia.
Kwanza nishikie tochi.

Huu mpira mwembamba, kama mshipa wa mkono,
unatoka kwenye tabo kwenda kwa bawabu wa moshi.
Upepo ukizidi anasukumwa, springi inakubali,
anafungua kilango, moshi wa ziada unapita pembeni.
Kazi yangu ni kumdanganya bawabu.
Nakata mpira, naweka katikati hii valvu ya shaba,
skrubu yake ndogo kuliko kidole cha mtoto.
Nikiikaza, anachelewa kusikia.
Achelewe kidogo tu. Akiziba masikio kabisa,
basi itazame pistoni ile dirishani, ninayowekea chenji:
ilikuwa ya gari yangu,
na lile tundu nililitoboa mwenyewe, bila drili.

Saa tisa usiku tulikuwa barabara ya Pugu,
malori yamelala kandokando,
gia ya tatu, mguu chini.
Geji ikasoma nukta sita.
Robo mzunguko. Saba na nusu.
Hewa ya Dar hata usiku ni nzito kama uji,
na injini haina nyingine ya kuvuta.
Robo tena. Tisa, sindano ikapanda, ikatulia,
ukapiga kelele kama umefunga goli.
Mimi nikasikia, chini ya ngurumo ya ekzosi,
kokoto chache zikitikiswa kwenye kopo.
Toa mguu. Toa mguu, Ladi!
Nikarudisha nusu ya ile robo, kokoto zikanyamaza.

Unauliza mbona naogopa presha.
Mama yangu anayo. Kila Jumatano nampeleka Amana,
nesi anamfunga kitambaa mkononi, anajaza, anaachia,
anainamisha kichwa.
Sindano iko mbele yake, lakini anasikiliza.
"Mama Mwajabu, chumvi?"
"Niliacha zamani, mwanangu."
Nami nakaa kimya, ninayejua kikopo kilipo,
nyuma ya debe la unga.

Haya. Gari ni yako, hela umelipa.
Bisibisi iliyo kwenye mfuko wa mlango nimeiona.
Skrubu nimeipaka rangi ya kucha, nyekundu,
ya mdogo wangu, alinikopesha kwa shingo upande.
Ikikauka ni ngumu kama yai:
ukiizungusha hata unywele, inapata ufa.
Ukirudi na ufa, usiniambie hujagusa.

Zima tochi. Betri ni zangu.