Namba Arobaini na Moja

Kauntabuku la kwaya tatu, mgongo umeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Kwenye jalada, kwa wino mwekundu:
MWONGOZO WA SANAMU ZA ASKARI, WANAANGA NA WENGINEO.
Na chini yake, kwa herufi ndogo zenye woga:
mikono iwe safi kabla ya kufungua.

Nimenawa, Luhende. Nimenawa kwa sabuni ya mche,
ingawa harufu ya dagaa haisikii amri ya mtu.

Kaka yangu hakuwa na duka wala kabati la vioo.
Alikuwa na Mlango Mmoja, siku ya kufungua marobota,
alipopekua mifuko ya kaptura za watoto wa ng'ambo
akaibuka na mtu wa urefu wa kidole, goti likikunjika.
Usiku, kwa koroboi, alimpima kwa rula ya shule,
akamgeuza, akasoma mhuri chini ya unyayo,
akaandika.

"Namba 7. Mwanaanga. Kofia ipo, kioo chake kimepasuka.
Tahadhari: wapo wa bandia. Wa bandia huelea kwenye karai, huyu huzama."

"Namba 19. Zimamoto. Mkono wa kushoto si wake.
Nimemwazimia wa Namba 20, ambaye hakulalamika."

Bwana Kiwelu amekuja kutoka Arusha na pochi nene.
Ananusa plastiki. Anafunua kurasa kama hakimu.
"Huyu arobaini na moja," anasema, "angekuwa na bunduki yake
ningekupa mara tatu."

"Namba 41. Askari wa kijani. Nyonga inazunguka. Nyusi ni rangi ya kiwandani.
Bunduki: haipo. Ilimezwa na Milembe, Jumapili, 1986."

Milembe ni mimi.
Siku tatu mama alinishindilia matobolwa,
siku tatu nilichutama juu ya beseni la bluu,
Luhende pembeni na kijiti mkononi,
kama anayengoja meli ya Ukerewe.

Haikutoka. Ingetokaje?
Niliitupa ziwani, juu ya mawe ya Igogo,
kwa kuwa alisema askari si mchezo wa wasichana.
Maji hayakutoa hata sauti.

Tangu hapo mimi ni mtu aliyemeza bunduki.
Alisimulia hata harusini kwangu;
wakwe walicheka mpaka wakamwaga soda.

Natafuta kalamu. Bwana Kiwelu anatazama saa.
Kitabu kilichoandika kila mchubuko wa rangi
hakifai kubaki na uongo wangu.

Nasogeza ukurasa dirishani,
ndipo naona, pembeni ya jina langu, kwa penseli,
imefutwa, ikarudishwa, ikafutwa tena:
alama ya kuuliza.

"Wengine hesabu," namwambia mgeni.
"Huyu niachie. Maelezo yake
hayajakamilika."