Kukanyaga Mara Mbili

Breki za pikapu hii zinashika kama ahadi ya mdeni:
Jumatatu zipo, Alhamisi hazipokei simu.
Nakanyaga, mguu unazama taratibu
kama kijiko kwenye uji.
Nakanyaga tena, na hapo ndipo chuma kinakumbuka
kilicholetewa duniani.

Fundi Mwinshehe wa Gerezani ameifungua mara nne.
Kwanza alisema pedi.
Nikanunua pedi, kwa pesa ya ada ya Tunu.
Kisha masta silinda: akaishika, akaipuliza, akainusa,
akasema, "Mwizi wako ndiye huyu."
Tukamfukuza mwizi. Tukatoa upepo magurudumu yote,
Luhende juu anakanyaga: "Nimeshika!"
Mwinshehe chini anajibu: "Bado. Bado. Achia,"
mpaka wapita njia wakadhani ni dua.
Wiki mbili nikalala usingizi.
Wiki ya tatu, kwenye mataa ya Chang'ombe,
mguu ukaenda chini
ukagusa bati.

Mara ya tatu alisema mpira.
Mara ya nne hakusema kitu. Alikalia tairi bovu,
akaagiza chai ya tangawizi, akanilipia na mimi.
Fundi akikulipia chai, ujue.

Mimi hubeba samani za Keko:
makabati, vitanda vya futi sita,
siku moja jeneza tupu, mzigo pekee
ambao wenyewe hawakunipigia kuuliza nimefika wapi.
Na wateja siku hizi wanajenga Goba, Makongo Juu,
huko ambako jiji limechoka kuwa tambarare.
Kupanda sina neno.
Kushuka nashuka na gia namba mbili, injini inalia,
bodaboda wananipita wakinitaja mama,
na Luhende mlango wazi, mguu mmoja nje,
amepakata kabari ya mninga kama mtoto mwenye homa,
tayari kuruka aitie chini ya tairi.
Haraka haraka haina baraka, nimesikia.
Polepole bila breki nayo
baraka zake sijaziona.

Gari lilikuwa la kaka yangu Mwarami.
Nyuma aliandika kwa rangi nyekundu USINIHARAKISHE.
Jua limekula herufi tano za mwanzo.

Jumapili nikaingia uvunguni mwenyewe,
tochi ya simu mdomoni, mchanga wa Tandika shingoni,
nikalifuata bomba la breki kwa kidole,
kutoka mbele, polepole, kama asomaye barua ya deni.
Juu ya ekseli, ndani kabisa ya chesisi,
chini ya tope la miaka,
kidole kikarudi kimelowa.

Palikuwa na kiraka.
Mpira wa baiskeli, umezungushwa, umekazwa,
na fundo lile, ah, fundo lile nalijua:
ndilo alilonifungia viatu vya shule
nilipokuwa sijui kulia wala kushoto.

Kumbe alijua.
Nikaukumbuka mguu wake njiani, ukicheza, ukicheza,
nami pembeni nikidhani ni muziki wa redio.
Hakufa kwa gari. Alikufa kwa sukari,
na sukari nayo aliifunga hivyo hivyo,
akaipaka tope,
akatuambia yuko fiti.

Nililala pale hadi Mama Tunu akainama kuniuliza
kama nimepatwa na nini.
Nikamwambia: matone.

Bomba jipya, elfu kumi na nane na ufundi.
Jana, mteremko wa Makongo, nikakanyaga mara moja tu:
pikapu ikasimama kama imeitwa jina,
kabati likagonga kichwa cha gari,
Luhende akagonga paji la uso, akatukana, akacheka.
Na mguu wangu ukakanyaga tena.
Hakuna aliyeutuma.

Kabari nikamwambia aitupe.
Akaisogeza karibu na kifua.
"Bosi," akasema, "acha kwanza
wiki ya tatu ipite."