Goti la Kushoto Bado

Nilianza na daftari la mia tano, nikapiga mstari katikati.
Kushoto, nilichonacho. Kulia, nisichonacho.
Kushoto niliandika: mwili.
Kulia ukurasa ulijaa, nikageuza.

Chapeo. Dirii. Deraya ya pete.
Kiswahili kinayo majina yote, kimeyatunza
kama bibi anavyotunza funguo za kasha lililokwisha kuuzwa.
Duka la kuyauza, Mwanza nzima, hakuna.

Ya kwanza niliikosea.
Makoroboi, kwa fundi wa vibatari, chapeo ya bati, elfu sita.
Iliniparua masikio yote mawili,
na mdogo wangu alipoigonga kwa mwiko (mwiko tu!) ikabonyea.
Sasa kuku wanainywea maji.
Masikio yalipona. Ile elfu sita bado inauma.

Ndipo nikajua: nguo kwanza, chuma baadaye.
Nkwimba, mwenye cherehani Mlango Mmoja, alinipima kifua mara mbili.
"Koti la baridi? Kwa joto hili?"
La kupokea kishindo, nikamwambia.
Blanketi mbili za mtumba, pamba ya godoro lililopasuka,
mishono ya wima, imebanana kama matuta ya viazi Ukerewe.
Elfu kumi na nane. Nililipa kwa mafungu matatu,
na fungu la tatu, mungu wangu, lilichelewa.

Pete ni waya wa kufungia nondo.
Nauza vifaa vya ujenzi Nyakato, napewa bei ya mfanyakazi.
Unauviringa kwenye nondo nyembamba, unakata, unafungua, unafumba;
kila pete ishike wenzake wanne.
Umeme ukikatika vidole vinaendelea vyenyewe.
Nilifika elfu tisa na mia mbili nikaacha kuhesabu.
Washona nyavu wa Kirumba walinicheka mpaka wakakaa chini,
kisha mmoja, Magesa, akanyamaza, akaichukua,
akanionyesha namna ya kupunguza macho kwapani
ili mkono unyanyuke.
Hakutaka hela. Alisema, wavu ni wavu.

Chapeo ya pili ni tumbo la mtungi wa gesi
uliolala na maji ndani siku mbili kabla ya kuguswa na msumeno.
Lushinge aliutia moto, akaugongea juu ya jiwe.
Mawe tunayo. Hatukunyimwa mawe.

Lakini ziwa linapumua, na pumzi yake ni kutu.
Mafuta ya mashine ni ghali; nikapaka ya sangara,
kutoka kwa akina mama wanaokaanga mapanki.
Chuma kikang'aa. Tangu siku hiyo
paka wa mtaa mzima wananisindikiza.

Jumamosi ya kwanza, uwanja wa shule, Igogo,
tuko watatu na panga za mianzi,
wingu la wadudu wa ziwani likatoka majini kama moshi,
likapita moja kwa moja kwenye tundu la macho.
Nimevaa kilo ishirini na moja za kinga
na nimeshindwa na vitu visivyo na uzito.
Nilitema mabawa hadi jioni.

Nyumbani niligundua jambo ambalo daftari halikuwa nalo:
mikanda ya mgongoni mtu hajifungi mwenyewe.
Baba alishona viatu barabara ya Pamba miaka thelathini.
Siku hizi mikono inatetema, na ya kwangu haya huyaita makopo.
Nilimpa mgongo. Akakaa kimya.
"Nani anataka kukupiga, Mhoja?"
Hakuna, baba.
"Mh." Nikasikia msumari wake ukitafuta ngozi.
"Tundu hili limekaa vibaya. Vuta pumzi."
Akatoboa jingine. Akakaza.
Mkono wake ulibaki pale kidogo, juu ya chuma, nisipoweza kuusikia;
nilijua kwa kivuli ukutani.

Mtoto wa jirani alikuja na kokoto,
akagonga kifuani mwangu: ngo, ngo.
"Hodi?"
Karibu, nikasema, kutoka huko ndani.

Goti la kushoto bado. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda,
au wa kumi.